Mama Mwenye Macho ya Samaki

Tulipompeleka mtoto wetu India kutibiwa macho, daktari alisema tungoje siku tatu ndipo bandeji itolewe. Siku ya pili bibi yake alibaki naye, nasi tukaenda kuona hekalu la Meenakshi, katikati ya mji wa Madurai.

Hekalu lina minara 14. Ule wa kusini unapita metre 50, nao umejaa sanamu toka chini hadi juu: miungu, wanyama na walinzi, wote wamepakwa rangi nyekundu, kijani, buluu na manjano. Tulivua viatu mlangoni. Mawe yalikuwa ya moto, tukakimbia kama watoto. Ukumbi wanaouita wa nguzo elfu una nguzo 985. Chumba cha ndani kabisa ni cha Wahindu tu, tukabaki nje.

Meenakshi maana yake ni mwenye macho ya samaki. Wenyeji husema samaki hafungi macho, naye Meenakshi hulinda watoto wake bila kusinzia. Hatukwenda kuabudu. Lakini tulipoona wamama wakiomba, watoto mikononi, tuliwaelewa bila kujua lugha yao. Sisi pia hatukuwa tumelala.

Kesho yake bandeji ilitolewa. Mtoto alitutazama, akauliza kwa nini miguu yetu ina vumbi.

Wamama wenzetu, mtoto asiyeona ubao darasani msimwite mvivu. Mpelekeni apimwe macho mapema.