Wembe Mmoja, Kichwa Kimoja



Wapendwa katika Kristo, vijana wengi wa jumuiya zetu wanafungua saluni za kiume, nasi tunawapongeza. Injili ya Luka (14:28) inatuasa tukadirie gharama kabla ya kuanza. Tukumbuke basi kwamba kodi ya pango, leseni na umeme havingoji wateja wazoee. Fedha iliyomo drooni jioni si yote ya mwenye saluni. Umo pia ujira wa msaidizi wake.

Lakini upo mtaji mwingine, nao ni uaminifu. Mteja anapoinamisha shingo, haoni kinachotendeka kisogoni. Hajui kama wembe ni mpya, wala kama mashine imetakaswa kwa dawa baada ya kichwa kilichotangulia. Hapo ndipo mapunye huambukizwa, na kwa damu kidogo tu, hata homa ya ini. Kubania bei ya wembe mmoja kwaweza kugharimu uhai wa jirani.

Mtakatifu Martin de Porres wa Lima, nchini Peru (1579–1639), alijifunza unyozi tangu ujana wake. Zama zile kinyozi alitibu pia majeraha, naye akautumia ujuzi huo kuwahudumia wagonjwa na maskini katika konventi ya Wadominiko. Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Ndiye msimamizi wa vinyozi, na tunamkumbuka kila tarehe 3 Novemba.

Enyi vinyozi wetu, kazi njema mnayoifanya pale mteja asipoona nayo ni sala. Mungu awabariki.