Krismasi Barazani pa Norfolk

Wenye kuandika habari za Nairobi hupenda kuanza na reli iliyofika mwaka 1899. Mimi huanza na Krismasi, kwa maana hoteli ya Norfolk ilifungua milango yake tarehe 25 Desemba 1904. Desemba yetu ni ya jua kali, lakini walowezi walikuja na sikukuu yao ya baridi, wakaifanyia karamu barazani pale.

Mji wenyewe ulikuwa wa Wahindi, Wasomali, Wagoa na Waafrika wa kila kabila. Mwafrika alifika barazani akiwa amebeba sinia. Tarehe 16 Machi 1922, umati uliotaka Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi hatua chache kutoka hapo. Serikali ilihesabu maiti 21. Wananchi walitaja wengi zaidi. Vitabu kadhaa vya historia vinasema baadhi ya risasi zilitoka barazani. Leo barabara ile inaitwa Harry Thuku. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha walimu, niliwapeleka wanafunzi Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, ulio mkabala na hoteli, nikawauliza kama wangeketi pale kusherehekea. Walibishana hadi mchezo ukaanza bila wao kutambua.

Mimi nilikuwa na jibu langu tangu tarehe 31 Desemba 1980. Nilipanga chumba katika ploti moja Ngara. Usiku tulisikia mshindo. Mtoto wa jirani alishangilia, akidhani ni fataki za mwaka mpya. Mzee wa Kibohora wa ghorofani akasema, "Mwalimu, hiyo si fataki."

Mpangaji mwenzetu alikuwa mhudumu Norfolk. Habari ilipofika kwamba ni bomu, tulikusanyika mlangoni pa mkewe. Mama wa Kigoa, aliyekuwa amevaa nguo za kwenda kanisani, hakwenda. Yule mzee alileta birika la chai. Hakuna aliyekuwa na maneno, basi tulikunywa tu, chai tamu kupita kiasi. Watu wapatao 20 walikufa usiku ule, Wakenya na wageni. Baadaye ilisemekana ni kisasi cha Entebbe, kwa kuwa mwaka 1976 ndege za Israeli zilitiliwa mafuta Nairobi.

Mwenzetu alirudi alfajiri, kwa miguu, shati lake limeganda damu isiyo yake. Alikuwa amefunga majeraha kwa vitambaa vya meza mpaka vikamwishia. Mkewe alimpapasa mabega, mikono, vidole, kimoja baada ya kingine, kabla hajalia.

Sehemu iliyobomoka ilijengwa upya. Siku hizi, pensheni ikiruhusu (chai yao ni ghali mno), huwapeleka wajukuu pale mwezi wa Desemba, tukaketi barazani tukiitazama barabara ya Thuku. Mwenzetu yule alirudi kazini. Krismasi alihudumia kila mwaka. Mkesha wa mwaka mpya aliomba ruhusa, hadi alipostaafu.