Mwili Haukuwa na Habari

Kanisani kwetu Ruiri nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba nimemsamehe baba. Walisema amina, akina mama wakapiga vigelegele. Jioni hiyo hiyo upepo ulibamiza geti letu la mabati, nikajikuta nyuma ya mlango wa jikoni na mwiko mkononi, jasho linanitiririka. Baba ana miaka mingi kaburini.

Sikudanganya kanisani. Msamaha ulikuwa wa kweli. Mwili ndio haukuwa na habari.

Baba alikuwa akirudi usiku kutoka kwenye pombe, na kwa jinsi alivyofungua geti tulijua kama tutalala ndani au kwenye mahindi. Akilisukuma taratibu, afadhali. Akilipiga teke, mama alituamsha bila kusema neno. Tuliishi hivyo mpaka nikaolewa, na labda ndiyo maana sikujiona mgonjwa. Kwa watu wengi kiwewe ni cha aliyenusurika ajali ya matatu au aliyevamiwa na wezi wa mifugo, jambo lenye tarehe yake. Mwaka 1992 daktari Mmarekani, Judith Herman, aliandika kwamba anayeumizwa tena na tena mahali asipoweza kutoroka huumia kwa namna yake. Shirika la Afya Duniani nalo limeipa hali hiyo nafasi katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mimi nilikuwa nimeshapewa majina mengine: hasira, kiburi, mapepo.

Aliyenielekeza kwa kaunsela mjini Meru ni muuguzi aliyekuwa akinipima presha. Mlango uligongwa nyuma yangu nikaruka na mashine yake.

Nilifika kwa kaunsela nikiwa tayari kumwaga yote. Akanizuia. "Pole pole, mama. Leo niambie tu unalalaje." Kwanza aliniacha nichague kiti, nikachagua kile kinachotazama mlango, naye hakuuliza kwa nini. Kwa miezi kadhaa tulishughulika na usingizi, pumzi na miguu. Ndiyo, miguu: geti likilia, niikanyagishe sakafuni, nishike ukuta, nitaje mwaka huu ni upi na watoto wangu ni akina nani. Niseme ukweli, niliona nauli yangu inapotea. Kuuza maharagwe ili nikafundishwe kupumua! Lakini Herman mwenyewe anaweka usalama mbele. Kukumbuka na kuomboleza vinafuata, kisha kurudi kwa watu. Nisingeweza kusimulia nikiwa bado natetemeka.

Tulipofikia masimulizi, tulikwenda kwa vipande. Kilichoniliza sana hakikuwa kipigo, bali majirani waliosikia kila kitu na asubuhi wakatusalimu kama kawaida. Hapo kaunsela akanikumbusha kesi ya Mei 2013, pale Mahakama Kuu ya Meru ilipoamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Yao yalikuwa mazito kuliko yangu, na mahakama ilikuwa hapo hapo mjini. Niliikumbuka kesi hiyo, ila sikuwahi kuwaza kwamba jaji anaweza kumsikiliza mtoto na kumlaumu mtu mzima aliyenyamaza.

Nawaheshimu wachungaji, lakini wanaomharakisha mtu kusamehe kabla hajapata usingizi wanamwongezea mzigo. Maombi sijayaacha. Nimeacha tu kuyatumia kujinyamazisha.

Bado naruka siku nyingine, hasa Agosti upepo unapokuwa mkali. Tofauti ni kwamba narudi haraka, na watoto hawanyamazi tena nikiingia chumbani.

Mama husema baba alikuwa mkali tu kama wazee wa enzi zake. Sibishani naye. Dada yangu aliyeolewa Isiolo, ambaye hatujawahi kuzungumza habari hizi, amepiga simu akisema safari ijayo atanisindikiza. Aliuliza kama mtu anaruhusiwa kukaa nje tu, asiingie. Nimemwambia anaruhusiwa.