Garissa: Mvua, Mbu na Idi ya Mwaka 2006

Ukiondoka Nairobi kwa basi la alfajiri, ubaridi unakuacha ukishapita Mwingi. Mibuyu inatawanyika, ardhi inakuwa nyekundu, kisha unavuka daraja la Mto Tana na kuingia Garissa. Adhana ya Adhuhuri ilitupokea stendi.

Msafiri wa mji huu humalizia safari yake sokoni kwa mifugo. Ngamia, ng'ombe na mbuzi hushushwa hapo kutoka pande zote za kaskazini mashariki, na bei hupatanwa kwa vidole chini ya kitambaa. Mzee mmoja alinikaribisha kivulini kwake, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia. Nilimuuliza habari za maradhi ya 2006.

“Mwanangu,” akasema, “mbuzi walitupa mimba kwanza. Watu waliumwa baadaye. Sisi tuliona. Nani alikuja kutuuliza?”

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule zilijaza mabonde yaliyokuwa makavu. Katika udongo wake yamo mayai ya mbu yanayoweza kungoja maji kwa miaka, mengine yakiwa tayari na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Maji yakituama, mbu huzaliwa kwa wingi na kuuma mifugo. Binadamu huupata kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: aliyechinja, aliyechuna, aliyemsaidia kondoo kuzaa.

Kufikia tarehe 20 Desemba vifo 11 vilikuwa vimeripotiwa Garissa. Idul-Adh-ha iliangukia siku za mwisho za mwezi huohuo. Fikiria, ndugu msomaji: mji wa wafugaji Waislamu, Idi mlangoni, na kuchinja ndiko kunakoogopwa. Uchinjaji ulipigwa marufuku na biashara ya mifugo ikasimama. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 684 na vifo 155 nchini Kenya. Ugonjwa ulifika Somalia, kisha Tanzania, ambako walikufa watu 109.

Linaloniuma ni kwamba onyo lilikuwapo. Wanasayansi waliokuwa wakitazama joto la bahari na mvua kwa setilaiti walitabiri hatari hiyo wiki kadhaa kabla. Chanjo ya mifugo ipo, ila yafaa itangulie mlipuko. Ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka mnyama hadi mnyama yaweza kuusambaza. Lakini mambo ya mvua yalikuwa ofisi moja, mifugo ofisi nyingine, wagonjwa ofisi ya tatu. Mwaka 2011 Kenya iliunda kitengo kinachowaweka daktari wa watu na daktari wa mifugo chini ya paa moja. Ni hatua njema, ingawa sioni itafaa nini ikiwa mfugaji, anayeona kabla ya wote, hana wa kumpigia simu.

Nilimwambia mzee hayo. Akacheka kidogo, akatazama mawingu upande wa mashariki.

“Na mvua ya mwaka huu wanaionaje hao wa setilaiti?”

Sikuwa na jibu. Nilipomuaga, alikuwa ameinama akimchunguza puani mbuzi jike aliyebaki nyuma ya kundi.