Kilomita 66

Kutoka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, hadi Mbinga ni kilomita 66. Miaka ya themanini hakuna aliyezihesabu. Swali letu lilikuwa moja tu: lori litalala njiani au litafika?

Lilipakia magunia ya muhogo na matenga ya mbasa waliokaushwa kwa moshi, na sisi abiria tukakaa juu ya mzigo. Mvua ikiwa imenyesha, kwenye kona za kupandia milima ya Umatengo utingo alishuka akatembea nyuma ya tairi na gogo lake mkononi, tayari kulikinga gari lisirudi bondeni. Nasi tulishuka. Wanaume tulisukuma, kina mama walitangulia kwa miguu, na mara nyingi walifika juu kabla ya lori. Usiku wa kukwama tuliwasha moto kando ya njia, tukala samaki wa mtu ambaye hakuulizwa. Watu wa Liuli walau waliweza kuisubiri MV Songea ipite, ingawa meli nayo ilikuwa na siku zake.

Nilizichukia safari zile. Nikajiapiza kwamba nikipata kazi nitaishi penye lami.

Lami niliikuta Dar es Salaam mwaka 1994. Nilipanga chumba Manzese, kazi ikawa Posta, na daladala ikishaondoka kituoni hesabu ilikuwa nusu saa. Miaka tisa baadaye nikachoka kupanga. Kwa akiba yangu, na fedha kidogo ya kahawa aliyoniongezea baba, nikanunua kiwanja Kibamba, nje kabisa ya mji wa wakati huo. Lilikuwa shamba la mihogo na mikorosho. Dalali alilipima kwa hatua zake mwenyewe, akiwa na miguu mirefu wakati wa kutaja bei na mifupi wakati wa kuweka mipaka. Tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe. Nilipohamia, nilikuwa nikitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na saa moja na nusu nipo ofisini nakoroga chai.

Kosa langu lilianzia kwenye simu. Kila ndugu aliyepiga kutoka Mbinga kuuliza habari za mjini nilimjibu kama wakala: njoo huku, viwanja bado rahisi, upepo mzuri, mjini unafika mara moja. Binamu akaja. Shangazi akamtuma mwanawe na mkewe. Wa kwangu wakaleta wa kwao. Tukawa nyumba tano za watu wa Umatengo katika mtaa mmoja, na Jumapili tulikaa barazani tukijisifu kwamba tumeukimbia msongamano wa Manzese. Kila nyumba ikapata gari la mtumba, nyingine mawili. Na kwa kuwa kila aliyeuza kiwanja aliacha njia ya upana wa toroli, magari yote ya mtaa yalitokea uchochoro mmoja, kuingia barabara moja, ya Morogoro.

Wala si sisi pekee. Mji ule unaingiwa kwa barabara chache kubwa, za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, kama vidole vinavyokutana kiganjani. Watu wakaenda kulala kwenye ncha za vidole, lakini ofisi, hospitali kubwa na Kariakoo vikabaki kiganjani. Hivyo kila alfajiri sote tunakwenda upande mmoja, na jioni tunarudi sote kwa pamoja.

Saa kumi na mbili na nusu yangu ikawa saa kumi na moja, kisha saa kumi alfajiri. Nilijifunza lugha mpya. Nilijifunza kugeuza na gari, yaani kulipanda daladala linapokwenda mwisho wa njia, ulipe nauli mara mbili ili tu urudi nalo umekaa. Nilipokuwa na gari langu nilijifunza kutanua, kupita pembeni kwenye vumbi nikiwaacha wastaarabu kwenye mstari, na kuchomekea mbele yao. Naona aibu kuyaandika haya. Mbinga, aliyekwama alisukumwa na asiyemjua.

Nafuu ililetwa, nisiwe mnafiki. Mabasi ya mwendokasi yakaanza mwaka 2016, yakaishia Kimara. Mwaka uliofuata nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zikavunjwa kuanzia Kimara kwenda mbele, nasi tuliosalimika tukapita tukitazama vyumba vya watu vikiwa wazi, rangi za kutani zikionekana. Njia nane zikajengwa hadi Kibaha. Kwa muda nikarudi kulala hadi saa kumi na moja. Kisha vibao vya viwanja vikahamia Kibaha na Mlandizi, vyote vikisema mjini ni dakika chache kwa barabara mpya. Ni tangazo langu lilelile la simu, safari hii limechapwa kwa rangi. Sensa inayasimulia haya kuliko mimi: kati ya 2012 na 2022 Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, lakini Pwani, jirani yake, ikatoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Karibu mara mbili, ndani ya miaka kumi.

Kwenye foleni mtu ana muda wa kufikiri, nami nilikuwa nikifikiria ngoro za babu. Mmatengo analima mlima mkali bila kuuharibu kwa sababu mteremko wote anauchimba mashimo, na kila shimo linapokea mvua yake. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika yakawa korongo. Dar es Salaam tuliachia mteremko mzima umwagike kwenye korongo moja, kisha kila mwaka tukalipanua korongo. Soko la maana, hospitali ya maana na kazi za maana zingekaa hukohuko Kibamba, wengi wetu tungezipokea mvua zetu hapohapo. Lakini babu hakuwahi kuulizwa habari za mipango miji.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Kutoka Songea lami tupu. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga kilijengwa kwa fedha za Marekani, za mpango wa Millennium Challenge. Kitai nilishangaa kusimama: malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yalikuwa yamejipanga, dereva wetu akashusha kioo na kusema, kwa sauti niliyoitambua, "Foleni hii, wazee wangu." Mjini Mbinga bodaboda walikuwa wengi kuliko miche ya kahawa niliyoiacha. Siku iliyofuata mpwa wangu akanipeleka ziwani. Zile kona za gogo la utingo tulizipita akiwa anaongea na simu. Sijamaliza kumwonyesha mahali tulipolala mwaka ule wa mvua, maji ya Nyasa yakatokea chini yetu, buluu. Zile kilomita 66 zilikwisha upesi kuliko safari yangu ya Kibamba hadi Posta, ambayo haifiki 30.

Tulipokuwa tunarudi nikaona kando ya lami vigingi vya saruji, na mibuni iliyokatwa imelazwa juani. Mpwa akapunguza mwendo. "Wanauza, Mjomba. Ukistaafu utahitaji pa kupumzika. Hapa mjini unafika mara moja."

Kijana mwenye futi ya kupimia akatufuata mbio, akanisalimia shikamoo, akauliza nataka cha ndani au cha mbele ya barabara.

"Cha mbele," nikasema.