Kukunja na Kukunjua: Kumbukumbu ya Mwalimu wa Aljebra

Kabla ya kujiunga na fani ya isimu, niliwahi kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari. Ninayoyasimulia hapa yanahusu istilahi mbili tu za aljebra, lakini yamebeba aibu yangu, na msomaji ataniwia radhi nikianza na aibu hiyo.

Katika mtihani mmoja wa mwisho wa mwaka niliwataka wanafunzi watafute vigawo vya semi kadhaa. Mojawapo ilikuwa x² − 2, ambayo niliiweka kama mtego: jibu nililolitarajia ni kwamba haina vigawo. Binti mmoja aliandika (x + √2)(x − √2). Nikamnyima alama mbili. Alinifuata ofisini, akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, naomba nifungue mabano haya mbele yako." Akayafungua: ikatoka x², kisha −x√2 na +x√2 zikafutana, ikabaki −2. Hakukosea popote. Nikamjibu kwamba mwongozo wa kusahihishia hausemi hivyo. Akashukuru, akaondoka. Alama mbili hizo ndizo zilizomkosesha nafasi katika mkondo wa sayansi.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikiandaa orodha ya istilahi za hisabati, mwenzangu mmoja aliniazima kikokotoo cha grafu aina ya TI-89. Kampuni ya Texas Instruments ilikitoa mwaka 1998, na tofauti yake na vikokotoo vingi vya grafu ni kwamba hushughulikia herufi, si tarakimu peke yake. Katika orodha yake ya aljebra zimo amri mbili zinazofuatana, "factor" na "expand". Ukikipa (x + 2)(x + 3) pamoja na amri ya pili, hujibu x² + 5x + 6. Ukikipa jibu hilo pamoja na amri ya kwanza, mabano hurejea. (TI-83 ya mwaka 1996 haina amri hizo. Mwanafunzi huchora grafu ya usemi wenye mabano na ya usemi uliofunguliwa, na michoro ikilaliana huwa na sababu nzuri ya kuamini kuwa hakukosea.)

Tatizo langu lilikuwa la lugha. Katika shule za msingi za Tanzania tumezoea "kufungua mabano", na Magazijuto humkumbusha mtoto kwamba mabano hutangulia. Lakini kinyume chake si "kufunga mabano", kwani huko ni kuandika alama tu. "Kutafuta vigawo" kunaeleweka, ila kunaukata undugu wa matendo haya mawili, undugu ambao kikokotoo kimeuonyesha kwa kuyaweka jirani. Ndipo nilipoikumbuka kauli ya kutendua: ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Kukunjua usemi; kukunja usemi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kwa majaribio nikakiamuru kikokotoo kiukunje usemi ule wa zamani, x² − 2. Kikanirudishia x² − 2 vilevile. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilidhani nimepata shahidi. Kisha, kwa kufuata mwongozo wa chombo, nikaongeza mkato na herufi x baada ya usemi. Amri ile ile ikatoa (x + √2)(x − √2).

Maelezo yake ni mepesi. Herufi hiyo isipotajwa, kikokotoo hutafuta vigawo vya namba wiano, yaani zile zinazoandikika kama sehemu ya namba nzima juu ya nyingine. Ikitajwa, hukubali pia vipeuo visivyoandikika hivyo. Ipo hata amri nyingine, ya namba changamano, inayoweza kuukunja x² + 1. Karatasi ni ile ile. Mikunjo yake hutegemea namba zilizoruhusiwa, na swali langu halikuzitaja.

Nilimtafuta yule binti, nikamwandikia barua. Alikuwa mhasibu, mama wa watoto wawili. Alijibu kwamba swali hilo analikumbuka, na kwamba, ingawa aliyafungua mabano mbele yangu bila kosa, kwa miaka kadhaa aliamini kuwa mahali fulani alikosea kuzidisha, akawa anakagua kila hesabu mara tatu. Hakusema kama amenisamehe, nami sikumwuliza. Katika orodha yangu ya istilahi, mbele ya "kukunja usemi", nimeongeza maneno manne: taja aina ya namba.