Fort Jesus Haitaki Haraka

Ratiba za safari za shule zinazokuja Mombasa hutisha: Fort Jesus, Haller Park, kivuko cha Likoni, kisha kuogelea ufuoni kabla jua halijatua. Ngome hutengewa saa moja. Watoto huingia kwa mstari, hupigwa picha kando ya mzinga, hao wanatoka. Heri twiga wa Haller Park wangojee mwaka mwingine, ngome ipewe asubuhi nzima.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewafanyia kazi huko Goa. Kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala chali. Mtoto aliyetoka Kitui au Kericho, umbo hilo ataliona kwenye picha. Ukuta ataushika. Mwacheni apitishe vidole kwenye yale mawe yaliyotoboka-toboka, aone mikunjo na vijitundu vya viumbe waliokuwa hai baharini kabla hawajageuka mwamba. Somo la sayansi huanzia hapo, historia haijatajwa bado.

Historia nayo ianze kwa mtoto mwenzao. Yusuf bin Hasan alikuwa mdogo Wareno walipohusika katika kuuawa kwa baba yake, sultani wa Mombasa. Wakampeleka Goa, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamlea kwa mila zao, hatimaye wakamrudisha aje kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaitwaa ngome na kurudi kwenye Uislamu. Mwaka uliofuata aliiacha, akapanda jahazi na kwenda zake. Simulieni kisa hiki pale pale uani, mkiwa mmesimama, kisha muwaulize watoto: huyu alikuwa msaliti au shujaa? Nyamazeni muwasikilize. Mabishano yao yatazidi ufasaha wa kitabu cha gredi yoyote.

Wamombasa hupenda kusimulia Waomani walivyoizingira ngome kuanzia 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Wengi hukiruka kipande kimoja: 1697, maradhi yalipowamaliza Wareno, aliyeshika uongozi wa ulinzi kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili. Mwaka huohuo meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama karibu na ngome, na vitu vilivyoopolewa majini vimo kwenye jumba la makumbusho humo ndani.

Msiondoke bila kuiona michoro ya ukutani. Mabaharia wa Kireno walichora kwa makaa na ngeu: merikebu zenye matanga, watu, makanisa. Mistari mingine imepinda kama ya mwanafunzi anayechoka darasani, na nadhani ndiyo sababu watoto huipenda kuliko mizinga. Wapeni karatasi na penseli wachore nao. Nyumba ya Waomani iko juu kidogo, na dirishani upepo wa bahari ni wa bure.

Kuna jambo walimu hulipita wakiona haya. Kuanzia 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni iligeuza ngome hii kuwa jela. Watoto waambiwe. Ngome iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011 iliwafungia watu milango kwa zaidi ya miaka 60, na baadhi ya babu zetu waliijua kwa sura hiyo tu.

Wakati wa masika mawe huteleza. Wakati wa kaskazi uani hakushikiki ikifika saa sita. Ingieni asubuhi mapema, kila mtoto na kofia na chupa ya maji, na kila kundi dogo na mwalimu wake, kwa maana juu ya kuta hakuna mchezo. Wakishuka wana njaa, Mji wa Kale uko mlangoni: viazi karai, mabuyu, madafu. Andikieni Makumbusho ya Taifa mapema, mkitaja idadi ya watoto na gredi yao, na ombeni mwelekezi mzaliwa wa Mombasa, anayesimulia kwa Kiswahili. Malipo yake msiyabanie.